Maneno ya Mimi

Mimi alizaliwa Kilwa, upande wa Kongo wa ziwa linalopakana na Zambia, binti wa fundi wa kinu cha kusaga aliyeitwa Nkulu. Jina la Mimi baba yake alilisikia akiitwa mtoto wa mzungu mmoja, akalipenda kwa kuwa lilikuwa jepesi mdomoni. Hakuwaza kwamba kwa Kiswahili ni neno ambalo kila mtu analo. Utotoni alitaniwa sana kwa ajili hiyo, hasa akibisha hodi mahali na kuulizwa ni nani. Kisha watu wakazoea, naye akazoea.

Mama yake alitoka Kashikishi, upande wa Zambia, na nyumbani mwao waliishi bibi wawili: mmoja alijua Kibemba tu, mwingine Kiswahili tu. Wazee hao hawakupendana, lakini hakuna aliyekubali mwenzake aseme neno yeye asilijibu. Katikati yao aliketi Mimi, akilichukua neno la huyu na kumpelekea yule. Majirani walisimama mlangoni kumsikiliza, wakasema, "Huyu mutoto eko na akili." Shuleni mambo yalikuwa mengine. Hesabu zilikataa kumwingia, na mwalimu akamwita Nkulu kumwambia kwamba binti yake hana akili, heri ashike jiko mapema. Nkulu alirudi nyumbani akicheka. Alisema kumbe akili ni kama jina la ukoo, wanalo watu wengi ambao hata hawajuani. Akamwacha aendelee na shule mpaka ada iliposhindikana.

Aliolewa na Ackson, mvuvi wa Kabuta, wakapata binti mmoja, Bwalya, ndiyo maana upande wa Zambia watu walimwita Bana Bwalya, mama yake Bwalya. Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa soko la Kashikishi. Wafanyabiashara wa Kongo walivuka na chumvi, vitenge na sabuni, wakarudi na magunia ya chisense, wale samaki wadogo waliokaushwa mchangani. Muuzaji alisema Kibemba, mnunuzi Kiswahili, na Mimi alisimama kati yao. Akisikia tusi, aliliacha njiani; akisikia kiburi, alikifikisha kikiwa kimelainika. Régine, mwanamke wa Kilwa aliyekuwa akileta chumvi, alisema lugha kila mtu anaweza kujifunza, lakini Mimi alijua mtu anataka nini kabla hajamaliza kusema. Régine mwenyewe alikuwa mjanja wa soko asiyepitwa, kwa hiyo sifa yake ilikuwa na uzito.

Mwaka wa 1999 vita vikashuka kutoka kaskazini, na watu wakaanza kuvuka ziwa kwa wingi. Walifika kwa mitumbwi, kwa boti za mizigo, wengine kwa mashua zilizokuwa zikivuja, wakatua Chienge na Kabuta na popote penye mchanga. Nchelenge palifunguliwa biro, ofisi ya kuwaandikisha, ndani ya ghala moja kuukuu la ushirika, lenye bati juu na harufu ya mbolea chini. Kila mtu mzima alitakiwa aeleze ametoka wapi na kwa nini, kisha alipandishwa lori kwenda kambini, mbali na mpaka. Mkubwa wa biro hiyo alikuwa Suwilanji, mama wa makamo kutoka kaskazini mwa Zambia, mpole, mwenye macho ya kuchoka. Yeye alijua Kibemba na Kiingereza. Waliokuwa wakija walijua Kiswahili na Kiluba. Aliuliza sokoni nani anaweza kumsaidia, akaambiwa jina moja.

Suwilanji alimpa Mimi sharti moja tu. Mtu akisema "niliona," naye aseme "niliona," asiseme "anasema aliona." Ndivyo kazi hiyo inavyofanywa, alisema, maneno yafike kama yalivyotoka. Mimi akakubali. Kuanzia siku hiyo akawa anaketi kwenye kiti cha mbao kati ya meza na mgeni, akisema, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba ameona nyumba yake ikiungua, kwamba amemzika baba yake njiani kwa jembe la kuazima, kwamba hajui mumewe yuko wapi.

Siku za mwanzo alilia. Suwilanji alimletea maji, wakapumzika, wakaendelea. Kisha kilio kikakoma bila yeye kukikataza. Mchana mmoja alitoka kwenye maelezo ya mama aliyepoteza watoto majini, akaenda kwa wauza chakula, akala nshima, ugali wa huko, na kisamvu mpaka akamaliza, na aliponawa mikono ndipo alipogundua kwamba amekula. Haikumsikitisha. Alishangaa kidogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba na kuona damu kabla ya maumivu, lakini maumivu yenyewe hayakuja, akarudi kitini.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Ackson alimwuliza kama amechoka, naye akanyamaza, akingoja. Ackson akauliza tena. Mimi akatambua kwamba alikuwa akimngoja mtu mwingine ajibu kwanza, ili yeye apeleke jibu. Akasema ndiyo, amechoka, wakalala.

Katika ghala lile, nyuma ya meza ya Suwilanji, aliketi mara nyingi mwanamume mmoja kijana aitwaye Saviour. Kila mtu aliambiwa kwamba ni wa kilimo, lakini hakuna aliyemwona akiuliza habari za mihogo. Watu wa Nchelenge walikuwa na jina la watu kama yeye, shushushu, na walilisema kwa sauti ya chini kama jina lenyewe linavyotaka. Siku moja mzee wa Pweto, akiwa katikati ya maelezo yake, alisimama na kuuliza yule kijana asiyeandika wala kuuliza ni nani. Suwilanji akasita, kisha akasema kwa Kiingereza ni mtu wa "intelligence," akamwomba Mimi alipeleke neno hilo kwa upole. Mimi hakuwa na neno jingine karibu.

"Njo mutu wa akili," akamwambia mzee.

Mzee akamtazama Saviour toka viatu mpaka kichwa. "Na sisi bengine," akauliza, "tuko bantu ba nini?"

Hilo nalo Mimi akalipeleka, neno kwa neno. Suwilanji alicheka mpaka akavua miwani. Saviour hakucheka. Mimi naye hakucheka, ingawa alielewa kabisa kwamba lilikuwa jambo la kuchekesha, na kwamba mwaka uliopita angelisimulia sokoni mpaka watu washike mbavu.

Saviour alianza kumpitia baadaye, njiani, akisukuma baiskeli. Alikuwa na adabu. Alitaka kujua yale ambayo Suwilanji hakuuliza: askari walitokea upande gani, walivaa viatu gani, walisema lugha gani wao kwa wao. Alimwambia nchi inalindwa kwa kujua mapema, na mtu anayesikiliza kila siku kama yeye ana akili nyingi kuliko anavyodhani. Mimi akamweleza alichokumbuka. Régine naye, aliyehamia Kashikishi na chumvi yake tangu Kilwa kuwa na wasiwasi, alikuja na maswali ya aina yake. Vijiji gani vimebaki vitupu? Nani anauza nyavu na mashine za boti kwa haraka? Wanaokuja ni wa kula mihogo au wa kula mahindi? Biashara bila habari ni kama kuvua gizani, alisema. Mimi akamweleza pia. Hakuona tofauti kati ya wawili hao, wala kati yao na Suwilanji. Maneno yaliingia sikio hili na kutokea mdomoni, na nani aliyekuwa mbele yake kuyapokea halikuwa jambo lililomgusa. Régine, aliyepata faida ya nyavu, alimletea kitenge kipya. Mimi akashukuru, akakiweka sandukuni bila kukikunjua.

Mvua zilipokwisha alifika kutoka Lusaka kijana mwingine, Roger, na kompyuta ya kubeba mkononi. Iliwekwa kwenye meza pembeni, ikaunganishwa na betri ya lori, na watu waliokuwa wakingoja foleni wakasogea kuitazama. Kazi ya Roger ilikuwa kuyaingiza humo maelezo yote ambayo Suwilanji alikuwa ameyaandika, ili mtu asihesabiwe mara mbili na ndugu waliopotezana watafutane kwa majina. Alikuwa kijana mchangamfu, akipenda kueleza. Watu walipouliza kama chombo hicho kina akili, alikataa. Alisema kina kumbukumbu tu, na macho makali: ukikipa neno moja, kitalitafuta katika maelfu ya maneno, na hakichoki.

Asubuhi moja Mimi alifika kazini akakuta hakuna foleni. Wageni walikuwa wameambiwa wangoje nje. Ndani walikuwepo Suwilanji, Saviour na Roger, na kwenye kiti cha wageni aliketi mwanamke mmoja mwembamba, Clémentine, ambaye Mimi alimkumbuka kwa uso tu. Alikuwa amefika wiki mbili kabla pamoja na shemeji zake. Shemeji hao walikwishaondoka na lori. Yeye alizuiwa asubuhi ya safari, akiwa na kifurushi chake kichwani, bila kuelezwa sababu, na tangu hapo alikuwa akilala kwenye chumba cha nyuma.

Suwilanji alizungumza na Mimi kwanza, kwa Kibemba. Alisema kompyuta imeona jambo. Katika maelezo ya wanawake wengi, wa vijiji mbalimbali, waliofika siku mbalimbali, mlikuwa na maneno yaleyale, hayakupishana hata nukta: nilisikia bunduki upande wa milima, nikamfunga mtoto mgongoni, sikutazama nyuma. Roger aliyaona kwa bahati, akitafuta jina la kijiji. Alipotafuta tena, yakatokea mengine, na mengine.

Saviour akaongeza kwamba watu hawawezi kusema hivyo isipokuwa wamefundishwa. Kuna mtu upande ule, alisema, anayewakaririsha wanawake maneno ya kusema, na anayekaririsha watu ana sababu yake. Huenda baadhi yao si wakimbizi. Alikwisha kuwaandikia wakubwa wake. Huyu hapa, akamwonyesha Clémentine kwa kidevu, alikuwa mfano ulio wazi: maelezo yake yanasema alimfunga mtoto mgongoni, na alifika bila mtoto.

"Muulize," akasema, "yuko wapi yule mtoto."

Mimi akamgeukia Clémentine na kumwuliza, kwa Kiswahili kizuri, sauti yake ikiwa ileile ya kila siku. Mtoto uliyemfunga mgongoni siku ile yuko wapi?

Clémentine hakuwatazama wenye meza. Alimtazama yeye.

"Mutoto gani?" akasema. "Miye siyazala hata siku moja. We unajua. Nilikuambiaka."

Nje mtu alikuwa akikohoa. Mimi aligeuka kuelekea mezani kama alivyofanya mara nyingi mno, na mdomo wake ukaanza kazi wenyewe: sijawahi kuzaa hata siku moja, wewe unajua, nilikuambia. Alipofika kwenye neno la mwisho akanyamaza. Suwilanji alidhani amesahau. Saviour alikuwa amekwisha kusema, bila kumngoja mtu, kwamba basi mwanamke amekiri uongo wake mwenyewe.

"Hakudanganya," Mimi akasema. "Maneno yale si yake. Ni yangu."

Hawakumwelewa. Ilimbidi aseme tena, kwa Kiingereza chake cha sokoni, ili Roger naye asikie. Hakuna mtu ng'ambo aliyemfundisha mtu chochote. Wanawake hao walisema kila mmoja lake, na yeye alilisikia, lakini lililotoka kinywani mwake lilikuwa lile moja. Aliulizwa tangu lini. Alisema hajui. Saviour aliuliza nani amemtuma. Alisema hakuna. Suwilanji alivua miwani, akaishika mapajani, akamwuliza polepole kwa nini.

Mimi alilitafuta jibu kwa uaminifu. "Yalikuwa mbele," akasema. "Mengine yalikuwa nyuma yake, sikuyafikia."

Alisema hayo bila machozi na bila kutetemeka, na baadaye alifahamu kwamba ndiyo sababu Saviour hakumwamini. Mtu anayekiri, kwa elimu ya Saviour, hutoka jasho. Alimfuata nyumbani Kabuta mara kadhaa, akamhoji Ackson, akawauliza majirani kuhusu safari zake za Kilwa, akataka kujua Régine ni nani kwake. Mwisho aliacha kuja. Habari iliyosikika sokoni ni kwamba wakubwa wake walikuwa wamemsifu sana kwa ripoti yake ya zamani, ile iliyosema adui hutokea daima upande wa milima, na kwamba haikuwa rahisi sasa kuwaambia milima hiyo ilitoka kinywani mwa mkalimani mchovu. Akahamishwa. Hakuna aliyejua kama ni kwa kupanda cheo au kushuka.

Suwilanji hakumgombeza. Alimwambia hawezi kumwacha aendelee, na Mimi alisema ni haki. Alitafutwa mwalimu mmoja mstaafu kutoka Chienge, na wale wanawake ambao bado hawajaondoka wakaitwa upya mmoja mmoja. Waliokwisha kwenda kambini, Suwilanji alisema, angewafuata huko, na Mimi hakujua kama aliweza. Roger alikuja kuzungumza naye uani, akiwa na haya. Alikuwa amefurahi sana chombo kilipoyaona maneno yale, alisema, akadhani kimegundua waongo. Kumbe kiliona herufi zinazofanana, basi. Yaliyobaki waliyajaza wao. Akamwuliza kama anahitaji daktari. Mimi akamjibu haumwi mahali popote.

Clémentine alihojiwa na mwalimu wa Chienge siku iliyofuata, na kwa kuwa alizuiwa bila kosa, akapewa nafasi mbele kwenye lori la kwanza. Mimi alikwenda kumwona kabla hajaondoka. Alichukua karanga na samaki wa kukaanga kwenye jani, kwa kuwa mtu haendi mikono mitupu. Walikaa kwenye ngazi ya ghala. Kwa muda walisema habari za barabara, kwamba ina vumbi, kwamba kambini kuna baridi asubuhi.

"Nilikuambiaka juu ya mama yangu," Clémentine akasema. "Ulisikia?"

"Nilisikia. Lakini sikuyabeba."

Clémentine akatikisa kichwa, akafungua jani, akala karanga moja. Mimi akamwomba amwambie tena. Hakujua kwa nini aliomba; hakuna mtu aliyekuwa akingoja maneno hayo upande mwingine.

"Hapana, yaya," akasema Clémentine, akimwita dada, bila hasira. "Nilisema mara moja kwako, mara ingine kwa ule mwalimu. Ya tatu siwezi. Sasa nichunge ile imebakia."

Mimi akasema ni sawa. Lori lilipowashwa alimsaidia kupandisha kifurushi, akasimama mpaka likapinda kwenye njia ya Kawambwa. Njiani kurudi alijaribu kuyakumbuka yale maelezo mwenyewe. Alikumbuka rangi ya kitambaa cha Clémentine, na mkono wake ukionyesha urefu wa kitu, pengine kizingiti, pengine kigoda. Palikuwa na mama mzee aliyekaa mahali na kukataa kupanda mtumbwi. Hakuweza kwenda mbele ya hapo. Aliketi kando ya barabara kidogo, kisha akaondoka kwa kuwa jua lilikuwa kali.

Régine alimrudisha sokoni. Alisema biro haikujua kutumia mtu, inamkamua kama chungwa, na kwamba akili ya mtu hupumzika ikishika vitu vyenye uzito: chumvi, samaki, sabuni. Huenda alisema kweli. Mimi alirudi kwenye magunia, akapanga bei za watu, akala mchana, akatembea kurudi Kabuta. Ackson alijifunza kumwuliza maswali mafupi, na kungoja. Bwalya, aliyekuwa akikaa kwa bibi yake mzaa baba ili awe karibu na shule, alirudi nyumbani likizo ya Agosti, akalala kitanda kimoja na mama yake. Alisema mama anaongea usingizini. Ackson akauliza anaongea lugha gani. Bwalya akasema zote.

Mwishoni mwa mwaka dereva wa lori la kambini alisimama Kashikishi kununua samaki, akauliza kama kuna mama aitwaye Mimi. Watu wakamwonyesha. Alileta salamu kutoka kwa Clémentine: amepewa kiwanja, amepanda karanga, ameanza kupika munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na kuuza, na miguu yake iliyokuwa imevimba imepona. Mimi alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwomba arudie kidogo habari za karanga, naye akarudia. Akamshukuru, akampa samaki wa njiani.

Alijua hiyo ilikuwa habari ya kufurahisha. Aliipokea, akaiweka kando kwa uangalifu, kama mtu anavyoweka nguo ya kuvaa siku nyingine. Mnunuzi kutoka Lubumbashi alikuwa tayari amesimama mbele ya magunia, akilalamika kwamba chisense ya leo ina mchanga mwingi, na mwenye samaki alikuwa akimtazama Mimi, akingoja kujua amesema nini. Akamwambia.